Jiwe Moja Katika Udongo wa Kichuguu

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa stoo ya vifaa, na Jumatatu nikaamka sina pa kwenda. Kwa hiyo nimekaa nyumbani hapa Mangateen, kalamu mkononi, nawaandikia ninyi mliobaki na rola yangu ya kushindilia uwanja. Nasema yangu. Niliitengeneza mwenyewe: pipa la mafuta, zege ndani, bomba la chuma katikati, na mkono wa kuvutia niliouchomelea kwa mikono hii. Anayesema Juba kuna rola nzuri kuliko hiyo, ailete tuione.

Mimi ni Taban. Shule yangu iliishia darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi upande wa Uganda, na mwalimu wangu alisema sitafika popote. Nimefika. Nimetunza uwanja wa michezo wa Waaustralia mjini Juba mpaka magoti yamegoma, na kama mnamjua mwingine aliyeifanya kazi hiyo, mtajeni. Mshahara sitauzungumzia. Vyeo pia sitavizungumzia, maana kila nilipopanda cheo nilipewa kadi mpya ya shingoni, na kadi zenyewe nyingi zilifuliwa pamoja na shati.

Ufundi wa nyasi niliupata Kitale, Kenya, nilikokata majani ya klabu ya gofu, na Kiswahili hiki ninachoandika nacho nilikipata hukohuko. Niliporudi Juba nilikuja na slasha yangu, panga la kufyekea majani, nimeifunga kwenye gunia. Wenzangu walirudi na magodoro na televisheni. Mimi slasha. Ndiyo iliyonipa kazi Thongpiny, katika kampaundi ya Waaustralia wachimba visima, pale karibu na uwanja wa ndege.

Mkubwa wao aliitwa Bret. Alikuwa mrefu, kofia pana kama karai, pua imepakwa dawa nyeupe ya jua kama mtu anayejiandaa kwa ngoma. Siku ya kwanza alinipa mchoro: uwanja wa mviringo, na kila mwisho nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Nikautazama, nikaona jamaa amesahau mti wa juu. Goli gani halina mti wa juu? Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia fundi achomelee miti ya juu, tena ya chuma kizito, nikasimamisha kila kitu kwa pimamaji.

Bret alipokuja akavua kofia.

“Taban, hii ni nini?”

“Nimekusahihishia.”

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kumbe mpira wao wa miguu, ule unaochezwa na kitu chenye umbo la papai, hauna mti wa juu. Ukipiga katikati ya nguzo ndefu unapata pointi sita. Ukikosa, ukapita kati ya ndefu na fupi, unapata moja. Kesho yake nilishinda na msumeno wa chuma nikikata nilichosahihisha, na huku nakata nikamuuliza: “Ni nchi gani inampa mtu pointi kwa kukosa?”

“Yetu,” akasema. “Si umekaribia?”

Hilo ndilo somo langu la kwanza kwenu. Mkipewa mchoro, ulizeni kabla ya kusahihisha.

Watu wale wana tabia zao na inafaa mzijue. Kwanza, jina lako hawalibakizi zima. Wiki ya pili sikuwa Taban tena, nilikuwa Tabbo. Walijaribu na kwa Madam Nyambura, Mkenya wetu wa ofisi ya utawala, wakamwita Nyambo. Akasimama mlangoni na faili kifuani, akasema, “Bret, mama yangu alinipa jina lote. Utalitamka mpaka mwisho.” Tangu siku hiyo wao humwita Madam tu.

Pili, mchezo kwao haungoji uwanja. Jioni baada ya kazi walicheza kriketi pale penye magari. Pipa la takataka ndilo wiketi, yaani kile kitu anacholinda mpigaji. Mpira ni wa tenisi, nusu yake umezungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme ili upinde hewani. Ukiupiga ukavuka ukuta, umetoka, zamu yako ya kupiga imekwisha, na ni wewe utakayekwenda kumbembeleza mlinzi wa jirani akurudishie. Soseji zinachomwa pembeni, kila mtu anamkejeli kila mtu, na asiyekejeliwa ndiye mgonjwa.

Jioni moja mpigaji mmoja aliugusa mpira kwa ukingo wa gongo. Tik. Tulisikia sote. Mdakaji akaudaka kabla haujagusa chini, na kwa sheria hapo mpigaji ametoka. Yule jamaa akasimama palepale, anatazama angani kama anayetafuta ndege ya kutoka Entebbe.

“Mbona haondoki?” nikamuuliza Bret. “Si ameugusa?”

“Kwetu huondoki mpaka mwamuzi anyooshe kidole.”

“Hata ukijua umeugusa?”

“Hata ukijua. Kuona ni kazi ya mwamuzi. Yangu ni kupiga.”

Niliipenda sana sheria hiyo. Iliniingia kama iliyotungwa kwa ajili yangu.

Mwaka uliofuata Bret akataka uwanja wa kriketi wa kweli. Kriketi inataka kipande cha ardhi kigumu cha hatua ishirini na mbili, kisawa kama meza, maana mpira hutua pale kabla ya kumfikia mpigaji. Tungefanyia nini? Bret akasema kwao, katika mji mkavu alikozaliwa, baba yake alitengeneza vya namna hiyo kwa kuponda vichuguu vya mchwa. Alidhani nitashangaa. Nikamwambia: “Mama yangu alisiriba sakafu kwa udongo huohuo. Mimi nilitambaa juu yake. Niachie.”

Kusema kweli, niliijua sakafu. Udongo nilikuwa siujui. Aliyeujua ni Wani.

Wani alikuwa mfyatua matofali wa Gumbo, ng’ambo ya daraja. Kibari na Kiarabu cha Juba ndizo lugha zake. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mtu wa maneno machache. Alikuwa anamega kipande cha kichuguu, anakiweka ulimini, anafumba macho, kisha anatema au anaitikia kwa kichwa. Akitema, tunakwenda kichuguu kingine, hata kama nimeshakipigia jembe nusu saa. Nilimleta kazini mimi, na ndiye aliyenifundisha, ingawa wakati huo nilikuwa nawaambia watu kinyume.

Andikeni njia yake. Chagua kichuguu kilichohamwa, chenye mchwa kiache. Ponda, anika, chekecha mara tatu. Tandaza tabaka la unene wa kidole, nyunyiza maji, acha lilale, kisha rola. Tabaka jingine. Usiwe na haraka. Bret alikuwa na kipimo chake: anachoma ufunguo wa gari ardhini, ukizama kupita meno, ngoja. Kisha anaangusha mpira kutoka usawa wa kichwa na kusikiliza. Mlio ukiwa mzito, ngoja. Ukilia kama mtu amegonga mlango, tayari.

Waaustralia siku ya pili ya Krismasi hawapumziki. Ni siku ya kriketi kwao, wakicheza au wakitazama. Bret akaalika watu wa kampaundi nyingine, na mimi nikatangaza kila mahali kwamba uwanja wa Taban utakuwa tayari. Nilimwambia mlinzi, nilimwambia muuza chai, nilimwambia mpaka padri. Wiki moja kabla, ncha moja ikatitia. Ilitaka karai kumi za udongo, na udongo umekwisha. Wani akasema ataleta mwingine baada ya sikukuu, kwa sasa tucheze kwa mpira laini, akapanda raksha, bajaji ya huku kwetu, akaenda kwa watoto wake Gumbo.

Baada ya sikukuu! Na padri nimeshamwambia?

Nyuma ya ukuta wetu walikuwa wanachimba msingi wa hoteli. Lundo lao lilikuwa jekundu vilevile. Mchana wa Jumamosi nilikwenda na wilbaro nikachukua karai kumi. Nane nilizichekecha, mara moja tu. Mbili za mwisho nilizimwaga hivihivi. Nikapiga rola mpaka pakang’aa. Mtu yeyote angeapa ni udongo mmoja.

Siku ya mechi watu walijaa, soseji zikanukia, mpira mgumu wa ngozi ukaletwa. Bret alikuwa anapiga. Alikuwa amevaa kofia yake ya nguo tu. Mpira ukatua kwenye ile ncha, na badala ya kuja kiunoni ukapanda wima, ukampiga mdomoni. Meno mawili yakatoka, na mdomo wa juu ukapasuka.

Kila mtu alimkimbilia Bret. Mimi niliikimbilia ile ncha. Jiwe lilikuwa limejichomoza, ukubwa wa kiungo cha kidole changu cha mwisho. Nikalichomoa, nikalitia mfukoni, nikakanyaga shimo. Nilifanya hayo kabla mtu wa kwanza hajaleta barafu. Mikono yangu ni myepesi, hilo nimewahi kusifiwa.

Na Bret, damu zinamtiririka hadi kwenye shati jeupe, alikuwa anawaambia wenzake, “Kosa langu. Niliondoa jicho kwenye mpira.” Kwao mpigaji halaumu uwanja. Angalau yeye hakuulaumu.

Lakini Madam Nyambura si Mwaustralia. Mfanyakazi ameumia, lazima ripoti iandikwe, na wachezaji wawili walikuwa wameona alama ya lile shimo. Wani aliporudi kutoka Gumbo, tuliitwa wote ofisini. Madam anauliza kwa Kiswahili, mimi nampa Wani kwa Kiarabu cha Juba, kisha narudisha jibu. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wake pale ndani.

“Muulize,” Madam akasema, “kitu kigumu kimetoka wapi kwa ule udongo alioleta?”

Nikamuuliza. Wani akafikiri, kisha akasema taratibu: “Mwambie Madam, mchwa hawabebi mawe. Wanabeba chembe moja moja mdomoni. Kama kulikuwa na kitu kigumu, hakikutoka kwenye kichuguu. Aulize kilitoka wapi.”

Madam akanitazama. “Anasemaje?”

Jiwe lilikuwa mfukoni mwangu. Nililisikia dhidi ya paja.

“Anasema malesh, Madam. Hakuchekecha vizuri.”

Malesh ni samahani. Ni neno la Kiarabu cha Juba, lugha ya Wani, na sikujua kwa nini nilichagua hilo badala ya samahani ya Kiswahili. Wani alilisikia. Alinitazama vile alivyokuwa anatazama udongo kuona kama umekauka. Angesema nini, na kwa mdomo wa nani? Ukitaka kumshtaki mkalimani, nani atakutafsiria? Akatoka, akalifunika karai lake mlangoni mwa stoo, mdomo chini, akaenda zake. Kufikia saa sita jina lake halikuwamo tena katika orodha ya getini.

Nilijipa maneno mengi wiki hizo. Kwamba Wani ana matofali yake, hatalala njaa. Kwamba hakuna aliyeniuliza moja kwa moja. Mwamuzi hajanyoosha kidole, basi mimi nasimama. Nililibeba lile jiwe kila siku. Kila nikitaka kulitupa naliona kama litaonekana. Udongo nikaleta mwenyewe. Nikauonja kama Wani. Sikuonja kitu ila udongo. Uwanja ukapasuka kama kisigino, nikawaambia ni upepo.

Bret alirudi kutoka Nairobi na meno mapya. Jioni ya kwanza wakacheza kwenye maegesho kama kawaida, wakanilazimisha nipige naye. Kriketi hupigwa na wawili, mmoja kila upande. Mpira ukipigwa wanabadilishana pande kwa mbio, na pipa likiangushwa kabla mtu hajafika, yule wa upande ule anatoka. Mimi nilikuwa napiga vizuri, waulizeni waliokuwapo. Basi nikaupiga, Bret akaita, “Njoo!” Nikakimbia. Mpira ukaokotwa karibu kuliko alivyodhani, akasita, na tukajikuta tuko wawili upande mmoja. Huko nilikotoka pipa linasubiri kuangushwa. Angekaa tu pale aliposimama, ningetoka mimi, maana wawili wakiwa upande mmoja hutoka aliyefika nyuma. Akanipita mbio, akaenda upande wa pipa makusudi, wakaliangusha, akatoka yeye.

Nikamfuata hadi kwenye soseji. “Mbona umetoka? Ilikuwa nitoke mimi.”

“Mimi ndiye niliyekuita.”

“Lakini ulisema mtu haondoki mpaka kidole.”

Akafuta jasho kwa ile kofia. “Hiyo ni pale unapocheza na roho yako mwenyewe, Tabbo. Hapa angetoka mwingine.”

Hakujua alichokuwa ananiambia. Alikuwa anatafuta haradali.

Asubuhi niliingia kwa Madam Nyambura, nikaliweka jiwe juu ya faili zake. Nikamweleza yote: karai kumi, mbili bila kuchekecha, na yale aliyosema Wani, safari hii kama alivyoyasema. Madam akaliangalia jiwe. Alikuwa mtu wa kufoka, na ningependa angefoka.

“Kwa hivyo nilimfukuza mtu kwa mdomo wako,” akasema.

“Ndiyo, Madam.”

“Na mimi nikaandika, nikaweka na sahihi.” Akalisukuma jiwe kwa kalamu kama mdudu. “Enda umwite. Si kwa simu. Uende wewe. Akikataa kurudi, usirudi pia.”

Nikavuka daraja. Wani nilimkuta anapanga matofali mabichi kivulini mwa turubai. Hakuacha kupanga. Nikamwambia kwa Kiarabu cha Juba, jiwe mkononi, kila kitu.

“Najua,” akasema.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu ulipouliza. Nilikwambia mchwa hawabebi mawe. Hukushtuka. Mtu asiyejua angeshtuka.”

“Malesh, Wani.”

“Hilo neno ulishalisema. Ulilisemea kwa jina langu.” Akachukua tofali jingine. “Madam anataka nini?”

“Urudi.”

“Na wewe?”

“Mimi pia.”

Akapanga mstari mzima kabla ya kujibu. Masharti yake yalikuwa mawili. Chekeche likae kwake, na hata nikitaka kuongeza kiganja kimoja cha udongo, nimuulize. Nikakubali haraka, ingawa nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba mimi ndiye mkuu wa uwanja. La pili: “Kuanzia leo maneno yangu hutayabeba.” Nikadhani ni hasira, itapoa.

Haikupoa. Madam alipomtaka, Wani alimwita mpishi amtafsirie. Mpishi akiwa likizo, mlinzi. Mlinzi akiwa getini, Wani alingoja hata siku mbili, na mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake na lugha zote kinywani. Tulivuta rola pamoja miaka yote hiyo, bega kwa bega. Tulikula sahani moja. Alinifundisha kuonja udongo, na leo naujua kweli, nifunikeni macho mnijaribu. Bret aliondoka, wakaja wengine, wote wakausifu uwanja, na mimi nilizipokea sifa bila aibu kwa sababu zilikuwa halali. Lakini neno la Wani sikulibeba tena.

Ijumaa iliyopita wakaniaga. Mlikuwapo wengi wenu. Wengine mlikuwa mnakula. Madam Nyambura alisema maneno yake, Mwaustralia mpya akaniita Tabbo na kunipa kofia. Kisha Wani akasimama. Mpishi akaweka sahani chini, akafuta mikono, akaja mbele kama ilivyo desturi. Wani akamrudisha kwa kiganja. Akanielekezea kidole mimi. Kidole kimoja, kimenyooka.

“Wewe,” akasema. “Sema.”

Nikasimama kando yake. Akasema, nikatafsiri.

“Anasema, huyu mtu anajisifu mno. Ukimpa nafasi atakwambia Nile aliuchimba yeye.” Mlicheka sana hapo, mnakumbuka.

“Anasema, rola yake ni nzuri.”

“Anasema, kuna mwaka jiwe liliingia uwanjani na mimi nikafukuzwa. Jiwe lilikuwa la huyu. Aliniwekea mdomoni neno ambalo sikulisema.” Kicheko kikafa. Nikawaona mnatazamana. Nilitaka kuongeza kwamba nilikwenda mwenyewe Gumbo, kwamba nilikiri bila kubanwa. Wani alikuwa ananitazama kama udongo. Sikuongeza.

“Anasema, tangu siku hiyo sikumpa neno langu lolote alibebe.”

Wani akamalizia kwa maneno machache. Nikayarudisha kwenu yalivyo:

“Anasema, leo nimempa.”

Mpishi anaelewa lugha zote mbili. Muulizeni kama niliacha kitu au nilizidisha. Na nawaambia, vijana, kati ya wote wanaotafsiri Juba hii, maofisini na mahotelini, hakuna ambaye angeifanya kazi ile vizuri kuliko mimi.